Kukata zege kwa grenda: mafundi wa Dom tulinde mapafu na mikono

Mafundi wenzangu wa Dom, yaani Dodoma, ujenzi sasa hivi ni mwingi, ukienda Mtumba, Nala, Iyumbu kote grenda zinalia, na saiti nyingi utamkuta kijana kafunga leso mdomoni anakata slabu katikati ya wingu la vumbi. Naanzia hapo maana mkono ukikatika utaona leo leo, ila mapafu yanakaa kimya miaka mingi.

Mchanga na kokoto vina silika, ukikata zege inatoka kama vumbi laini kiasi kwamba lile baya zaidi hata hulioni, linaingia mapafuni linaacha makovu, ndo silikosisi hiyo, haina dawa ya kuiponya na ukiwa nayo TB inakupata kirahisi. Leso haizuii, hata barakoa ya bluu ya hospitali haizuii, tafuta N95 au FFP2 na ibane uso vizuri, ndevu nyingi zinaiachia mwanya. Upepo wetu wa kiangazi mnaujua, simama ukupitie ubavuni, ukiupa mgongo vumbi linazunguka linakurudia usoni. Ukimaliza usifagie kavu, nyunyizia maji kwanza.

Maji yanatuliza vumbi kweli, lakini tuelewane jamani: msaidizi wako kumwagia maji kwa chupa huku wewe umeshika grenda ya kawaida ya umeme ni kujitafutia shoti. Kazi ya maji ni ya ile mashine ya petroli yenye mpira wa maji, ikodisheni kama kazi ni kubwa, na msiiwashe ndani ya chumba, moshi wake unaua.

Diski sasa. Soma namba ya mzunguko, ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine. Diski ya inchi 9 mwisho wake huwa kama 6,600 kwa dakika na grenda ndogo inakimbia 11,000, halafu mtu anang'oa kava ili ile kubwa iingie! Ikipasuka hapo vipande vinakufuata wewe mwenyewe. Kava haitoki, basi. Miwani na vizibo vya masikio vaa.

Kwenye kukata, piga mstari, shika kwa mikono miwili, shuka sentimita 1 au 2 kila unapopita, usiikandamize na usijaribu kukata kona maana diski ikibanwa mashine inaruka kukurudia, ndo maana usisimame usawa wa diski. Kipande kinachokatwa kiegemeze mkato ufunguke, usijifunge. Kama ni ukuta, uliza kwanza nyaya na mabomba yamepita wapi. Diski ya almasi ya kukatia kavu, bila maji, itoe nje kila baada ya muda mfupi izunguke bure ipoe.

Ikianza kuteleza bila kukata usiitupe, mara nyingi imekuwa laini tu, ipitishe kwenye tofali la mchanga mara kadhaa almasi zitokeze. Ila ikiwa na ufa au imedondosha jino, hiyo tupa. Zile diski za kawaida, zisizo za almasi, zina tarehe ya mwisho kwenye ringi ya chuma katikati, wengi hatuangalii, na zisilale kwenye unyevu.

Jioni chomoa waya kwanza, ndo upulize vumbi kwenye matundu ya mota, kagua waya kama umechubuka, na ukiona cheche nyingi ndani angalia kaboni (vile vibrashi vya mota), zikiisha badilisha zote mbili pamoja.