Ganghwa kwa siku moja: namna ya kuisoma Korea iliyofunga mlango

Ndugu na marafiki wakinitembelea hapa Incheon huomba kwanza majumba ya kifalme ya Seoul. Nawaambia yatangoja. Ukitaka kuelewa kwa nini ufalme wa Joseon, yaani Korea ya zamani, ulijitenga na mataifa ya Magharibi, nenda kisiwa cha Ganghwa, kwenye mkondo wa bahari unaoelekea Mto Han na Seoul. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji.

Mjue mtu mmoja kabla hujatoka: Heungseon Daewongun, baba wa mfalme Gojong. Mwanawe alitawazwa akiwa bado mtoto, basi baba ndiye aliyeshika nchi hadi 1873. Mwaka 1866 aliua mapadri 9 wa Kifaransa na maelfu ya Wakorea Wakatoliki. Hilo usilisahau hata baadaye moyo ukianza kumwelemea.

Anzia mjini Ganghwa, kwenye maktaba ya kifalme ya Oegyujanggak iliyojengwa upya. Mwaka uleule Wafaransa walikuja kulipiza kisasi, wakaichoma, wakaondoka na vitabu. Juzuu 297 zilirudi mwaka 2011, tena kwa mkopo! Kila nikilisema hilo sauti yangu hubadilika.

Kisha panda basi mpaka ngome ya Chojijin, ushike njia ya kaskazini, maji yakiwa kuliani kwako. Ndivyo walivyopita askari wa Marekani walipokivamia kisiwa tarehe 10 na 11 Juni 1871. Ukifika ngome ya Deokjinjin, tafuta jiwe la mwaka 1867 lililosimama karibu na maji. Maandishi yake yanaagiza mlango wa bahari ulindwe, meli za kigeni zisipite. Usilitazame kwa mbele tu. Zunguka nyuma yake uangalie mkondo ulivyo mwembamba. Meli ikiingia pale, askari wa ngome wanaiona waziwazi.

Kwenye ngome inayofuata, Gwangseongbo, usiende mbio. Hapa kamanda wa Joseon, Eo Jae-yeon, alikufa pamoja na mdogo wake, Eo Jae-sun. Wamarekani walihesabu maiti 243 za Wakorea. Wao walipoteza watu 3. Askari wa Joseon walikuwa na deraya za pamba, tabaka juu ya tabaka, kwenye joto la Juni. Shuka hadi makaburi 7 ya udongo wanamolala 51 wasiojulikana majina. Mimi nikifika hapo huacha kueleza, namwacha mgeni asimame.

Mwaka huohuo Daewongun alisimamisha nchini kote mawe yenye maandishi haya: wavamizi wa Magharibi wakija, kutopigana ni kufanya suluhu, na anayetaka suluhu anauza nchi.

Jioni rudi mjini, upite lango la magharibi, uulize palipokuwa jengo la Yeonmudang. Hapo ndipo Joseon ilitia saini mkataba na Japani, Februari 1876, baada ya manowari ya Kijapani kuipiga Chojijin ileile uliyoanzia matembezi. Busan ikafunguliwa, na bandari nyingine mbili ziliahidiwa. Utakuta uwanja wazi na jiwe la kumbukumbu. Jengo halipo tena.