Tuje kuteleza wikendi hii? Namna ya kusoma utabiri wa theluji wa Davos

Ijumaa jioni simu yangu hailali. Ni ndugu na marafiki wa Zürich, Bern, wengine hadi Stuttgart, na swali ni lile lile: "Dada, simu inaonyesha sentimita 30 Davos kesho. Tuje?" Mimi nafundisha wanaoanza kuteleza kwa skii, na huu ni msimu wangu wa tisa hapa Davos, mji wa milimani Uswisi. Mara nyingi nawajibu: kesho msije, njooni keshokutwa. Wanashangaa, kwani si theluji ndiyo inayofuatwa? Basi leo naandika hesabu yote ninayoipiga kabla ya kutoa jibu, ili uweze kuipiga mwenyewe ukiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Jua utabiri unasemea mwinuko gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiandika "Davos" kwenye simu, unapewa hali ya hewa ya mjini, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Lakini eneo la kuteleza la Parsenn, juu ya mji, linapanda hadi Weissfluhgipfel, mita 2,844. Hiyo ni tofauti ya karibu mita 1,300. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 0.65 hivi kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo mjini kukiwa na nyuzi 3 na mvua inanyesha, kileleni ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri na theluji inashuka kavu. Saa hiyo hiyo, mlima huo huo.

Usitafute jina la mji peke yake. Tafuta pia Weissfluhjoch, sehemu ya juu mlimani karibu na kilele hicho. Kisha kwenye utabiri wa Uswisi angalia neno la Kijerumani *Nullgradgrenze*. Ni mwinuko ambapo joto linafika sifuri. Toa mita 300 hivi, utapata mahali ambapo mvua inageuka theluji. Ikiandikwa 1,900, theluji itashuka hadi karibu mita 1,600, juu kidogo tu ya paa za mji. Uwanja wetu wa wanaoanza, Bolgen, uko chini kabisa kando ya mji, pale pale ambapo lifti ya kuburuta ya mhandisi Ernst Constam ilianza kazi mwaka 1934. Kwa mgeni, namba hii ina uzito kuliko sentimita zote za kileleni.

Kuna siku kanuni inapinduka. Usiku wa anga safi usio na upepo, hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni kama maji kwenye bakuli. Asubuhi mjini ni nyuzi 15 chini ya sifuri, juu ni 6 tu. Siku hizo wavalishe watoto kwa ajili ya kusubiri basi, siyo kwa ajili ya kilele.

Hatua ya 2: Geuza milimita kuwa sentimita, kisha jiulize zinakufaa nini

Programu nyingi hutoa milimita za maji. Kwa makadirio ya haraka, milimita 1 ni sentimita 1 ya theluji mpya. Baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji huwa nyepesi na milimita hiyo moja inaweza kutoa sentimita moja na nusu. Joto likikaribia sifuri, milimita 10 zitakupa sentimita 6 au 7 za theluji nzito, iliyoshiba maji.

Sasa fikiri nani anakuja. Januari moja alikuja mama mmoja na wanawe wawili, wa miaka saba na tisa, kwa sababu walikuwa wameona sentimita 35. Tulishika uwanja theluji ikiwa bado inaanguka. Skii zilizama, hazikuonekana kabisa. Kila mtoto alipotaka kugeuka ilibidi avute mguu kama anautoa kwenye tope la mpunga, na akianguka, mikono nayo inazama, hana pa kujisukumia. Ukungu ulikuwa mzito, hawakujua wapi mteremko unaanza. Baada ya saa moja mdogo alikuwa analia kwa uchovu. Kesho yake jua lilitoka. Usiku kucha mashine za kusawazisha zilikuwa zimepita na kuacha uwanja una mistari mizuri kama kitambaa cha kodrai, na wale watoto walishuka Bolgen mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu.

Ndiyo maana nasema keshokutwa. Theluji mpya nyingi ni sherehe ya waliobobea. Anayeanza anahitaji iliyokwisha kuanguka, ikashindiliwa, na anga likafunguka. Hata sentimita 40 zilizoshindiliwa vizuri juu ya nyasi zinamtosha.

Hatua ya 3: Upepo unatoka wapi?

Davos iko kaskazini mwa mgongo mkuu wa Milima ya Alpi. Upepo wa kaskazini au kaskazini-magharibi unasukuma mawingu yagonge milima, yapande, yapoe, yamwage theluji kwetu. Ukiona mishale ya ramani inatoka kusini, matumaini yapunguze: theluji itaangukia Ticino, jimbo la kusini mwa Alpi, na upande ule, kisha hewa iliyokwisha kukauka inashuka kwetu ikipata joto nyuzi 1 kila mita 100. Huo ndio Föhn. Unavuma kwa nguvu, anga linakuwa safi ajabu, na theluji inalika mbele ya macho yako.

Soma pia kasi ya upepo wa ghafla, siyo wastani tu. Upepo mkali husimamisha lifti za juu hata kama jua linawaka, na watu wote wanarundikana kwenye njia chache za chini.

Hatua ya 4: Rudi nyuma siku tatu

Wengi hutazama kesho tu. Mimi natazama na juzi. Kama juzi kulikuwa na joto au mvua na jana usiku baridi ikakaza, kesho utakuta barafu, na mgeni kwenye barafu anaumia viganja na makalio. Kama baridi imeshika mfululizo, uso wa njia utakuwa mzuri.

Machi na Aprili kuna mdundo wake. Usiku wa anga safi theluji inapoteza joto lake kwenda angani na kuganda juu, hata kama hewa iko juu kidogo ya sifuri. Saa mbili asubuhi ni ngumu kama saruji. Kwenye saa nne, miteremko inayotazama mashariki inalainika sentimita moja au mbili, na hiyo ndiyo saa tamu. Kusini hufuata mchana. Kufika saa saba chini kote ni uji. Miteremko inayotazama kaskazini hubaki baridi muda mrefu zaidi. Usiku ukiwa wa mawingu, theluji haigandi, na uji unaanza asubuhi.

Ukishafika, thibitisha kwa mkono. Chukua theluji kwenye glavu, ikamue. Ikipita kati ya vidole kama unga wa sembe, ni baridi na kavu. Ikishikana tonge, iko karibu na sifuri. Ikidondosha maji kama chicha la nazi, maliza mapema, maana theluji hiyo inakamata skii na magoti ndiyo yanayolipa.

Hatua ya 5: Taarifa ya maporomoko

Hii isomwe hata na asiyekusudia kutoka nje ya njia. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, SLF, iko hapa hapa Davos. Wakati wa baridi hutoa taarifa kila siku saa kumi na moja jioni, na huihuisha saa mbili asubuhi. Unaweza kuisoma kwenye programu ya White Risk. Rangi za ramani zinaeleweka hata kwa asiyejua Kijerumani.

Madaraja ya hatari ni matano. Naomba unielewe kuhusu daraja la 3: liko katikati ya orodha, lakini siyo "wastani". Sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za daraja hilo, kwa sababu watu hulidharau. Hatari iko hasa kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi. Njia zilizofunguliwa na kuwekewa nguzo zinalindwa na watu wa mlimani; ukivuka nguzo kufuata alama za skii za mwenzako, uko peke yako. Aliyefukiwa ana dakika 10 hivi kabla uwezekano wa kupona haujaporomoka. Namba ya uokoaji wa helikopta wa Rega ni 1414. Iweke kwenye simu sasa.

Hatua ya 6: Asubuhi, kabla ya treni

Kutoka Zürich ni mwendo wa kama saa mbili na nusu, unabadilisha treni Landquart, hivyo ni vizuri kuamua kabla ya kutoka. Fungua kamera za mlimani. Ukiona kitu kama moshi mweupe kinapepea kutoka ukingo wa kilele, ni theluji inapeperushwa, na huko juu upepo ni mkali. Halafu tazama orodha ya lifti zilizofunguliwa.

Tuseme ni Ijumaa. Utabiri: Jumamosi milimita 25, upepo wa kaskazini-magharibi, *Nullgradgrenze* 1,200, mawingu kutwa. Jumapili anga safi, upepo mdogo, nyuzi 6 chini ya sifuri. Theluji itafika mpaka mjini, itakuwa kama sentimita 25, na usiku wa Jumamosi mashine zitaishindilia. Jibu langu: njooni Jumapili, muwe Bolgen saa tatu na nusu, na kila mtu awe na miwani ya jua, watoto pia, kwa sababu theluji mpya hurudisha miale hatari ya jua hadi asilimia 80 na macho huungua bila mtu kuhisi mpaka jioni.