SOMO: Kwenda Italia kusoma Kitaliano. Soma yote kabla hujaniuliza

Wiki hii nimeulizwa "dada, ulikwendaje Italia?" mara tisa, na tatu kati ya hizo ni mtu mmoja. Nimechoka kuandika kitu kilekile. Nakiweka hapa, na atakayenifuata pembeni nitamrudisha hukuhuku.

Nilikuwa mhudumu wa hoteli Kiwengwa, Zanzibar, kwenye watalii wa Kitaliano. Kitaliano changu kilikuwa cha ufukweni: bei, samaki, na matusi mawili matatu. Nikaenda Perugia, Università per Stranieri, chuo cha serikali cha wageni kilichoanza mwaka 1921, nikasoma miezi sita. Siena nako kipo cha namna hiyo. Karatasi ni zilezile mji wowote utakaochagua.

Hatua ya 1. Pasipoti.

Hatua ya 2. Jiandikishe chuoni kwa mtandao, lipa, subiri barua ya kukubaliwa.

Hatua ya 3. Viza. Kozi isiyozidi siku 90 ni viza fupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ikizidi ni aina D ya masomo. Utatakiwa barua ya chuo, pa kulala, bima, na pesa benki. Pesa iwe imekaa kwenye akaunti, si iliyoingia jana kutoka kwa mjomba.

Hatua ya 4. Namba ya kodi, codice fiscale. Hapa tulieni. Ina herufi na tarakimu 16, inatolewa bure na ofisi ya kodi, Agenzia delle Entrate, na bila hiyo mkataba wa chumba ni shida, laini ya simu shida, benki shida. Sasa, namba hii inaundwa kutokana na jina lako, na sisi majina yetu ni matatu: lako, la baba, la babu. Pasipoti inalifanya la mwisho kuwa la ukoo, mawili ya mwanzo yanakaa pamoja. Mimi kwenye fomu nikajaza langu na la ukoo, la baba nikaliruka kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Basi.

Chukulia mtu anaitwa Juma Hamisi Mwinyi. Akijaza "Juma" peke yake, sehemu ya jina inakuwa JMU. Akijaza "Juma Hamisi" kama pasipoti inavyosema, inakuwa JHM. Kwa kompyuta za kule hao ni watu wawili. Nami nikawa watu wawili kwa wiki saba: kadi ya kodi ya mmoja, kibali cha mwingine, chumba hakijulikani kimepangwa na nani. Kila dirisha likanituma dirisha jingine, na Kitaliano changu cha samaki hakikunifikisha popote.

Kwa hiyo jaza majina YOTE, kwa mpangilio wa pasipoti, kwenye kila karatasi, kuanzia fomu ya chuo. Ukikabidhiwa kadi isome hapohapo dirishani. Imekosewa? Usiondoke. Mimi niliona nikasema nitarekebisha wiki ijayo. Na zile tovuti za kukokotoa namba mziache: zinakupa herufi, lakini hazikuandikishi popote.

Hatua ya 5. Kibali cha kukaa, permesso di soggiorno, kwa wa zaidi ya siku 90. Una siku 8 za kazi tangu kuingia. Bahasha ya fomu inapatikana posta zenye dirisha la Sportello Amico. Mimi nililipa stempu ya yuro 16, hati ya yuro 70.46 na yuro 30 za posta. Bahasha usiigundishe, karani lazima akague ndani. Risiti itunze kuliko simu. Halafu utaitwa polisi, questura, kuchukuliwa alama za vidole.

Hatua ya 6. Afya. Kujiunga na huduma ya taifa, SSN, tangu 2024 mwanafunzi analipa yuro 700. Zamani ilikuwa 149.77. Na mwaka wao unaishia Desemba hata kama umelipa Oktoba. Wengi wa kozi fupi hubaki na bima binafsi.

Hatua ya 7. Koti. Perugia iko mlimani.

MASWALI

Kijana_wa_Tabata: Dada, viza inahitajika?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana_wa_Tabata: Nilikuwa sijafika huko. Na kazi je, hakuna mchongo?

Mwandishi: Juu pameandikwa kusoma. Kibali cha masomo kinaruhusu kazi saa 20 kwa wiki. Mchongo sina.

BintiMwanga: Dada shikamoo. Namba yangu imetoka lakini kwenye siku ya kuzaliwa pana 52. Mimi ni wa tarehe 12. Nimekosewa?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Hujakosewa. Wanawake wanaongezewa 40 kwenye tarehe, ndiyo jinsia inavyoonekana humo. Herufi kabla ya siku ni mwezi. Baadaye inakuja Z na tarakimu tatu: Z ni mtu aliyezaliwa nje ya Italia, tarakimu ni nchi. Herufi ya mwisho ni ya kuhakiki zile 15. Wewe kagua jina tu.

Mzee_wa_Hoja: Perugia si shamba hilo? Kwa nini usingekwenda Roma ukaona dunia?

Mwandishi: Roma nilikwenda kutembea. Muuza kahawa alinisikia lafudhi akahamia Kiingereza. Perugia muuza mboga alinisubiri nimalize sentensi yangu yote, na foleni nyuma yangu. Mzee wangu, chagua unachotaka.

Malindi_Kwetu: Sisi huku Kitaliano tumezaliwa nacho. Darasa la nini?

Mwandishi: Nilisema hivyohivyo nikapelekwa darasa la wanaoanza. Tunamwambia kila mtu "tu", yaani wewe ya kirafiki, hata mzee wa miaka themanini, wakati yeye ni "Lei", wewe ya heshima. Ni kama kumwamkia bibi yako "mambo". Na konsonanti mbili hatuzitamki. Mwaka ni "anno". Ukisema "ho trenta ani", umewatangazia una matundu thelathini ya haja kubwa. Mimi nililitangaza darasani.

Malindi_Kwetu: 😂😂 Sasa inatamkwaje?

Mwandishi: Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Ile n unayoikalia kwenye "nne" ndiyo ya "anno".

BintiMwanga: Na adabu zao? Naogopa kuonekana mshamba.

Mwandishi: Hodi wanayo! Ukiingia nyumba ya mtu unasema "permesso", wanakujibu "avanti", hata mlango ukiwa wazi na wanakuona. Dukani anza na "buongiorno" kabla ya kuuliza chochote. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani mara nyingi bei inapanda. Na tiketi ya basi ukishapanda igonge mashineni, kuinunua peke yake hakutoshi.

Nahodha77: Naongeza. Napoli kuna chuo cha L'Orientale, wanafundisha Kiswahili. Wanafunzi wao wanatafuta mtu wa kuongea naye: saa moja chako, saa moja chao. Bure.

Mwandishi: Asante sana Nahodha, hili sikuliandika. Linafanyika hata kwa simu ukiwa bado nyumbani.

Kijana_wa_Tabata: Ugali upo?

Mwandishi: Leo umeuliza la maana. Nunua unga wa polenta, lakini usome pakiti. "Istantanea" umeshapikwa, unakuwa uji wa ajabu. "Bramata" ni chenga. Chukua "fioretto", ndio laini.

Nahodha77: Wa njano lakini.

Mwandishi: Wa njano. Ukitaka mweupe uliza polenta bianca, watu wa mkoa wa Veneto ndio wanaoila.