Jinsi ya Kusoma Faida Iliyoahirishwa ya Bima Mtawanyo

Katika mizania ya kampuni ya bima ya Marekani, upande wa madeni, huweza kuonekana mstari wa faida iliyoahirishwa ya bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine), ingawa hakuna mtu anayekidai kiasi hicho. Kabla ya kuitafsiri tarakimu yenyewe, soma maelezo ya taarifa za fedha uujue mkataba ulioizaa. Kwa Employers Holdings ya Nevada, kampuni ya bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, chanzo ni mkataba ulioanza 30 Juni 1999, ambapo mfuko wa bima wa jimbo ulioitangulia kampuni hiyo ulihamishia kampuni za bima mtawanyo madai ya wafanyakazi walioumia kazini kabla ya 1 Julai 1995. Madai hayo yalikadiriwa kufikia dola bilioni 1.525, na malipo ya kuyahamisha yalikuwa dola milioni 775.

Tofauti ya dola milioni 750, ambayo ndiyo faida yenyewe, haikuwa zawadi, kwa kuwa madai ya ulemavu hulipwa kwa miongo mingi na aliyeyapokea huwekeza fedha hizo wakati wote huo. Kwa kuwa hasara zilikwisha kutokea, kanuni za uhasibu za Marekani huzuia faida hiyo isiingie mara moja katika mapato. Huingia kidogo kidogo, kwa uwiano wa madai ambayo kampuni za bima mtawanyo zimekwisha kulipa.

Chukulia madai ya dola milioni 100 yaliyohamishwa kwa milioni 60. Faida inayosubiri ni milioni 40. Milioni 25 zikishalipwa, yaani robo, milioni 10 huingia katika mapato na 30 hubaki. Kumi hizo hazikuleta fedha mpya, hivyo ziondoe unapopima biashara ya mwaka huo. Employers yenyewe imekuwa ikitangaza faida yake pamoja na athari za mkataba na bila athari hizo.

Panapohitaji subira zaidi ni pale makadirio yanapobadilika. Katika mfano huohuo, madai yakikadiriwa upya kuwa milioni 125, na hata kama mkataba unaifidia nyongeza yote, milioni 25 huingia mara moja kama gharama. Faida yote hupanda hadi 65, lakini kwa kuwa kilicholipwa sasa ni moja ya tano tu, inayostahili kutambuliwa ni 13, kwa hiyo huongezwa 3 tu. Mwaka huo utaonyesha hasara ya milioni 22 ambayo kampuni haitaitoa mfukoni, nayo itarudi kama faida miaka ijayo. Naona si haki kuwalaumu viongozi wa kampuni kwa hasara hiyo kabla ya kuusoma mkataba.

Ripoti zinazopelekwa kwa wasimamizi wa bima wa majimbo huiweka faida hiyo mapema katika ziada maalumu ya mtaji, yaani sehemu ya mtaji iliyotengwa kando, hivyo usizilinganishe na zile za wanahisa bila marekebisho. Mwisho, angalia uwezo wa kampuni za bima mtawanyo na dhamana zilizoweka, kwa sababu zikishindwa kulipa, kampuni iliyohamisha madai bado inadaiwa na wenye bima.