Kompyuta mpya inafeli jaribio la mzigo: namna ya kumtafuta mkosaji hatua kwa hatua

Kompyuta ya mezani iliyofungwa jana ikishindwa jaribio la mzigo leo (yaani programu kama Prime95, inayoibebesha prosesa hesabu nzito na kukagua majibu yake), jambo ambalo wengi huanza nalo ni kurudisha dukani kifaa wanachokishuku, na mara nyingi hurudisha kifaa kisicho na kosa. Somo hili linaeleza namna ya kumbana mkosaji kabla ya kutumia hata shilingi moja. Mfano wetu ni mashine yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 7600, ubao mama wa B650, na vipande viwili vya RAM ya DDR5 vya GB 16 vilivyoandikwa kasi ya 6000 (MT/s). Wenye Intel watafuata njia hiyo hiyo, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Naomba pia tuelewane tangu mwanzo kuhusu uzito wa jambo lenyewe. Mashine inayokosea hesabu kwenye jaribio huzikosea pia hesabu za kazi zako: faili zinabanwa vibaya, picha zinaharibika, na Windows inaoza polepole bila onyo lolote. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na ushauri kwamba mradi michezo inacheza, basi uachane nayo.

Hatua ya kwanza: rudisha BIOS kwenye mipangilio ya msingi

Ingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mama, rudisha mipangilio ya msingi, uhifadhi, kisha hakikisha kwamba EXPO, mpangilio unaoipeleka RAM kwenye kasi iliyoandikwa na ambao kwenye bodi za Intel huitwa XMP, imezimwa, na kwamba Curve Optimizer, mpangilio wa kupunguza au kuongeza volti ya prosesa, iko sifuri. RAM iliyoandikwa 6000 haiendi 6000 yenyewe. Bila EXPO kwa kawaida huwaka kwa 4800, na AMD inaidhamini Ryzen 7000 kwa vipande viwili hadi 5200 tu. Namba iliyo kwenye boksi ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM, si ya mtengenezaji wa prosesa, na katika pengo lililopo kati ya ahadi hizo mbili ndimo yanamozaliwa makosa mengi ya mashine mpya. Baada ya kubadilisha mipangilio hiyo, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa huku ubao mama ukiipima RAM upya. Subiri, usikate umeme.

Kama toleo la BIOS ni la zamani, lisasishe sasa, RAM ikiwa bado kwenye kasi ya msingi na umeme ukiwa wa uhakika. Kwa wenye prosesa za Core za kizazi cha 13 na 14, hatua hii si ya hiari. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa nyingi za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikifikiwa na volti za juu kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati, ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba kupitia masasisho ya BIOS, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Maikrokodi hizo zinazuia uharibifu. Haziiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Rudia jaribio. Likipita, vifaa vyako huenda ni vizima na tatizo liko kwenye mipangilio, kwa hiyo utaiwasha mmoja baada ya mwingine huku ukijaribu kila mara. Likifeli, endelea na hatua zinazofuata bila kugusa EXPO.

Hatua ya pili: soma namna mashine ilivyoanguka

Mashine ikizimika ghafla kama iliyochomolewa ukutani, anza kuishuku njia ya umeme: pawa saplai, waya wa pini 8 wa prosesa ulio juu kushoto kwenye ubao mama, UPS, hata soketi ya ukutani. Ikijiwasha upya, fungua Event Viewer ya Windows uangalie dakika ile ilipoanguka. Hapo karibu kila mtu atakuta Kernel-Power 41, na wengi hudhani wamekwisha kupata jibu, ilhali maana yake ni kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Tafuta badala yake WHEA-Logger namba 18. Hiyo ni taarifa ya vifaa vyenyewe kuhusu kosa kubwa, na ndani yake huwa kuna APIC ID inayoelekeza ni kiini kipi cha prosesa kinacholalamikiwa.

Skrini ya bluu inayokuja na jina tofauti kila mara hunielekeza kwenye RAM. Kwenye Prime95, angalia kama mfanyakazi mmoja (worker, sehemu ya jaribio inayoendeshwa kwenye kiini chake) amesimama akitoa kosa la ukadiriaji, lenye thamani ya 0.5 mahali ilipotakiwa iwe chini ya 0.4, huku wenzake wakiendelea. Akiwa ni yule yule kila mara, shuku kiini kimoja cha prosesa. Wakibadilishana ovyo, shuku RAM au volti.

Hatua ya tatu: joto

Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, kabla ya kuanza jaribio, uiache ikirekodi. Ryzen 5 7600 ina ukomo wa nyuzi 95, na AMD ilizisanifu Ryzen 7000 ziweze kufanya kazi hadi hapo bila madhara, kwa hiyo kuona nyuzi 90 ukitumia feni ndogo ya Wraith Stealth iliyokuja ndani ya boksi si hitilafu. Hali kadhalika, kasi ya GHz 5.1 iliyotangazwa ni ya juu kabisa. Viini vyote sita vikibebeshwa mzigo, kasi itashuka, na mradi haijaenda chini ya 3.8, huna cha kulalamikia.

Kinachotia wasiwasi ni joto linaloruka hadi 95 ndani ya sekunde chache tu baada ya kubonyeza kuanza. Hiyo ni dalili kwamba feni haijagusa prosesa sawasawa: nailoni ya kinga haikubanduliwa, au skrubu zimekazwa upande mmoja. Kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, na kila unapoinua feni futa pesti ya zamani upake mpya. Kumbuka pia kwamba vipimo vingi unavyovisoma mtandaoni vimefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu, wakati chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kinaweza kuwa nyuzi 32 kabla mashine haijawashwa, na nyuzi hizo za ziada huhamia karibu zote kwenye prosesa.

Hatua ya nne: RAM

Hapa ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi kuliko kwingine. Kwanza, vipande viwili vikae kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache imalize mizunguko kadhaa. Kosa moja tu linatosha kuwa kufeli, na hakuna idadi ya makosa inayokubalika.

Likitokea kosa, zima mashine kabisa, chomoa vipande vyote, ujaribu kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kisha chukua kile kilichopita ukijaribu kwenye sloti nyingine. Kosa likikifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki na sloti hata ukibadilisha vipande, usikimbilie kulaumu RAM, kwani njia ya sloti hiyo inapita kwenye pini za soketi ya prosesa. Kwenye AM5, soketi ya Ryzen 7000, kama ilivyo kwenye soketi ya LGA1700 ya Intel, pini hizo ziko kwenye ubao mama. Toa prosesa, mulika soketi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, uzitazame ncha za pini zinavyong'aa kwa mistari. Pini iliyopinda huvunja mstari, mng'ao wake ukielekea upande usio wa wenzake, na pini moja ya namna hiyo inatosha kuua chaneli nzima ya RAM.

RAM ikipita kwenye kasi ya msingi, ndipo uwashe EXPO. Ikifeli kwa 6000, ishushe hadi 5600 bila kubadilisha volti za EXPO, ujaribu tena. Jambo ambalo nakusihi usilifanye ni kupandisha volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, kupita 1.30. Ukomo huo uliwekwa na AMD mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua zikiwa kwenye soketi.

Hatua ya tano: prosesa peke yake

Endesha Prime95 kwa chaguo la Small FFTs. Data zake hutosha ndani ya kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, kwa hiyo RAM haihusiki sana. Ikifeli hapa, BIOS ikiwa kwenye mipangilio ya msingi na joto likiwa chini ya ukomo, prosesa au umeme wake ndio wa kushukiwa.

Hatua ya sita: kadi ya picha na pawa saplai

Jaribu kadi ya picha peke yake kwa OCCT, programu ya majaribio ya mzigo ambayo pia huhesabu makosa ya picha, kisha uiunganishe na jaribio la prosesa. Vikipita kila kimoja peke yake na kuanguka pamoja, pawa saplai ndiyo ya kutazamwa. Plagi moja ya pini 8 ya kadi ya picha imekadiriwa wati 150. Kadi yenye plagi mbili ipewe nyaya mbili zilizo mbali mbali, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Pawa saplai ikiwa ya nyaya za kuchomoa, usitumie hata siku moja nyaya za pawa saplai nyingine, hata kama plagi zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski na ubao mama kwa mara moja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. MemTest86+ imekaa usiku kucha bila kosa, lakini Prime95 ya Blend (chaguo linalojaribu prosesa na RAM pamoja) inafeli baada ya muda mfupi, EXPO ikiwa imewashwa. Je, RAM yangu ni nzima?

Jibu: Vipande vyenyewe huenda ni vizima, ndugu. MemTest86+ huendeshwa kadi ya picha ikiwa imetulia na kasha likiwa la baridi, tena hailemei prosesa kama Blend inavyoilemea. Shusha hadi 5600 urudie Blend. Ikipita, kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa yako hakiimudu 6000, na hilo si kosa la dhamana.

Swali: Nilikuwa na vipande viwili, nimeongeza viwili vingine vya aina ile ile. Sasa kila jaribio linafeli.

Jibu: Kwa vipande vinne, AMD inaidhamini Ryzen 7000 kwa 3600 tu. Ukihitaji GB 64, uza hivyo vinne ununue seti ya vipande viwili vya GB 32.

Swali: Mkuu, yangu ina RTX 3060 na inazimika nikijaribu prosesa na kadi kwa pamoja. Natumia UPS ya VA 650.

Jibu: Tupige hesabu. Prosesa yako, kama ni hii ya mfano wetu, huvuta hadi wati 88, kadi 170, vingine tuseme 50, jumla 308. Pawa saplai nayo hupoteza kiasi njiani, kwa hiyo kutoka ukutani zinatoka kama 350, na ukiongeza monita ya wati 30 unafika 380. UPS nyingi za VA 650 huishia kati ya wati 360 na 390. Chomeka moja kwa moja ukutani urudie jaribio kabla ya kuilaumu pawa saplai.

Swali: Yangu inapita majaribio yote, ila hujiwasha upya nikiwa nasoma barua pepe tu. Curve Optimizer nimeweka hasi 30.

Jibu: Dada, hiyo hasi 30 ndiyo. Mzigo mzito huishusha kasi ya viini vyote, lakini kazi ndogo hukiacha kiini kimoja kikimbie hadi ukomo wake, na hapo ndipo volti uliyoipunguza inapopungukiwa. Tumia CoreCycler, ambayo hujaribu kiini kimoja kimoja, ukipunguzie hasi, yaani ukisogeze karibu na sifuri, kile kinachofeli peke yake.

Swali: Nimethibitisha kipande kimoja cha RAM ni kibovu. Duka litanikubalia?

Jibu: Lirudie jaribio EXPO ikiwa imezimwa, kipande hicho kikiwa peke yake, upige picha ya skrini ya MemTest86+ inayoonyesha kasi ya RAM na mistari ya makosa. Kama seti iliuzwa pamoja, peleka vipande vyote viwili, ili urudishiwe seti iliyopimwa pamoja.