Kabla hujagusa seva ya PostgreSQL iliyojaza kumbukumbu

Ukipigiwa simu kwamba seva ya kanzidata imejaza kumbukumbu, tuliza mkono kwanza. Usiiwashe upya. Ukiiwasha upya matumizi yatashuka, wakubwa watafurahi, na ushahidi wote wa nani alikuwa anaila RAM utafutika. Kesho saa zile zile utapigiwa tena. Ninayoyaandika hapa ni ya PostgreSQL kwenye Linux, maana ndiyo ninayoshinda nayo.

Hakikisha kwanza kama kuna tatizo kweli. Andika free -h, kisha achana kabisa na safu ya free, tazama available. Linux haiachi kumbukumbu ikae bure, huijaza mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi huyaondoa papo hapo. Seva ya GB 16 inayoonyesha free ya MB 300 na available ya GB 9 ni nzima. Watu wamenunua RAM kwa kusoma safu isiyo yenyewe.

Kwenye amri ya top nako usidanganyike. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato unaojitegemea, na safu ya RES huhesabu pia kumbukumbu ya pamoja ambayo mchakato huo umeigusa. Michakato 50 ikionyesha GB 2 kila mmoja, usijumlishe ukapata GB 100: sehemu kubwa ni shared_buffers, yaani kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL, ile ile inayohesabiwa upya kila mstari. Ukitaka ukweli, soma Pss (hugawa kumbukumbu ya pamoja kwa wanaoitumia) kwenye faili /proc/PID/smaps_rollup, PID ikiwa namba ya mchakato husika.

Shared_buffers iwe karibu robo ya RAM, yatosha. Max_connections, kikomo cha miunganisho, usiipandishe ovyo. Programu zikigombania miunganisho, weka mbele PgBouncer, programu inayozigawia miunganisho michache kwa zamu.

Sasa work_mem. Hapa soma taratibu.

Kigezo hiki huja kikiwa MB 4, na wengi hudhani ni kikomo cha kila muunganisho. Sivyo. Ni kikomo cha kila hatua ya kupanga safu (sort) au kujenga jedwali la hashi ndani ya ulizo (query) moja, na ulizo la ripoti laweza kuwa na hatua tatu au nne za aina hiyo. Tangu toleo la 15, hatua ya hashi inaruhusiwa mara mbili ya hapo, kwa sababu hash_mem_multiplier huja ikiwa 2.0. Ulizo likigawanywa kwa wafanyakazi sambamba, kila mmoja anapewa kikomo chake.

Niliwahi kuitwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo, mwisho wa mwezi. Seva ilikuwa ya GB 16, shared_buffers GB 4. Kabla ya hapo kijana wa mifumo alikuwa amelalamikiwa kwamba ripoti ya mikopo inachelewa. Alifanya kazi kwa umakini: akakuta kwenye logi ulizo linamwaga mafaili ya muda kwenye diski, akapandisha work_mem ndani ya postgresql.conf hadi MB 256, akajaribu, ripoti ikatoka chapuchapu. Alisifiwa, na alistahili. Lakini alijaribu ripoti moja, peke yake, siku tulivu.

Mwisho wa mwezi matawi yote hufungua ripoti ile ile asubuhi. Piga hesabu: ripoti 30 kwa wakati mmoja, kila moja na hatua mbili, kila hatua MB 256. Hiyo ni GB 15, juu ya zile GB 4. Linux ilipokosa pa kukimbilia iliua mchakato mmoja wa postgres. Mmoja tu. Ila mchakato ukifa namna hiyo, PostgreSQL haina namna ya kujua kama kumbukumbu ya pamoja imebaki salama, kwa hiyo hufukuza miunganisho yote na kuanza kujirejesha kutoka kwenye WAL, daftari lake la mabadiliko lililo kwenye diski. Kwenye logi yake utaona “terminated by signal 9: Killed”, na kwenye dmesg -T, logi ya Linux yenyewe, utakuta “Out of memory”. Hizo mbili zikikutana dakika ile ile, usiende mbali.

Karani wa dirishani, mteja yuko mbele yake na rejesho mkononi, anaona skrini imemtupa nje. Waliokuwa kwenye ripoti nao wanabofya tena, na seva inaanguka tena. Hela haikupotea, maana muamala usiokamilika hurudishwa nyuma, lakini foleni ilishafika nje na wanachama walishaanza kuulizana kama akiba zao zipo. Yule kijana muda wote huo alikuwa anamtafuta mdukuzi.

Dawa yake ni hii: rudisha work_mem ya jumla chini, kisha SELECT pg_reload_conf(), hakuna haja ya kuzima kitu. Tengeneza mtumiaji wa ripoti peke yake, mpe ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '128MB', halafu ALTER ROLE ripoti CONNECTION LIMIT 4. Ripoti zikizidi zitakataliwa kwa ujumbe, programu isubiri na kujaribu tena, na karani aendelee na kazi yake. Kabla ya kupandisha kigezo hiki popote, zidisha kwa siku yako mbaya kuliko zote.

Ulizo likikukwamisha, tumia pg_cancel_backend, likikaidi pg_terminate_backend. Kamwe usitumie kill -9: utakuwa umefanya kwa mkono wako kile kile Linux ilichofanya pale juu.

Ukitaka kuzuia Linux isiue michakato, vm.overcommit_memory=2 inasaidia, maana Linux haitaahidi kumbukumbu kupita kikomo, lakini tazama kabla overcommit_ratio, asilimia ya RAM inayoingia kwenye kikomo hicho. Huja ikiwa 50. Kwenye seva isiyo na swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM) maana yake programu zote kwa pamoja zitaruhusiwa kuomba nusu tu ya RAM, na PostgreSQL inaweza kuanza kukataa maulizo huku nusu nyingine iko wazi. Maintenance_work_mem, kikomo cha kazi za matunzo, nayo kumbuka autovacuum, msafishaji wa PostgreSQL anayejiendesha, huja na wafanyakazi watatu, kila mmoja na fungu lake.

Una seva ya akiba inayofuata ile kuu? Ukiongeza max_connections, anza na ya akiba. Ukianza na kuu, ya akiba itasimama. Badilisha kigezo kimoja kwa wakati, andika thamani ya zamani na saa uliyobadilisha, na usiguse chochote tarehe za mishahara hata ukibembelezwa.