Somo: Kuchagua risasi za bastola ya baruti nyeusi iliyowekewa silinda ya maganda

Wengi wakishanunua silinda ya kubadilishia (inayoiwezesha bastola ya kujazwa baruti kupiga risasi za maganda) huuliza: inaingia risasi gani? Kuingia si hoja. Silinda mpya ni ya chuma kigumu, lakini fremu (mwili unaoshika silinda) na mtutu ni vilevile vya baruti nyeusi, na fremu ndiyo inayoweka kikomo.

Hatua ya 1: Fremu. Ikiwa ni ya shaba ya njano, usiendelee. Shaba hutanuka kidogo kidogo hadi silinda ianze kucheza. Hata kati ya zile za chuma, nakala za Remington 1858 zina daraja juu ya silinda. Za Colt 1851 na 1860 hazina, mtutu umeshikwa na kabari tu. Colt ningeihurumia zaidi.

Hatua ya 2: Kipimo. Fuata maandishi ya silinda yenyewe. Bastola inayoitwa .44 ina mtutu wa karibu inchi 0.451, ndiyo maana hupewa .45 Colt. Ya .36 ina karibu 0.375, huku kichwa (kipande kinachoruka) cha risasi ya .38 Special ni 0.358: kinapita kikilegea na shabaha inapotea. Tafuta vichwa vyenye kitako cha shimo, vinavyotanuka vikisukumwa na gesi.

Hatua ya 3: Nguvu. Hapa ndipo watu huharibu bastola. Chukua kichwa cha madini laini ya risasi, kisichovikwa shaba, mwendo usiozidi futi 850 kwa sekunde. Zile za mashindano ya kikauboi zinafaa. Boksi lenye alama ya +P (presha kubwa kuliko kawaida) liache. Kikomo cha kawaida cha .45 Colt ni pauni 14,000 kwa inchi ya mraba, ila zipo za wawindaji zinazokipita mbali sana, na ganda ni lilelile. Zitaingia bila kugoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Naweza kumimina baruti isiyo na moshi kwenye silinda ya zamani ya baruti nyeusi, kidogo tu?
Jibu: Hapana. Hata kidogo.

Swali: Maganda yanang'ang'ania kutoka.
Jibu: Acha kupiga. Safisha matundu kwanza. Yakiendelea, au fataki (viwashio vidogo kwenye kitako cha ganda) zikibapa, presha imezidi. Badilisha risasi na mpe fundi akague fremu.

Swali: Na risasi ya .45 Schofield ndani ya silinda ya .45 Colt?
Jibu: Ganda lake ni fupi, nguvu yake ya upole. Tatizo ni ukingo wa kitako, ni mpana zaidi, na kwenye silinda ya matundu 6 kingo huweza kupandana. Jaribu kwanza kwa maganda matupu yasiyo na fataki.